Ndege Aliyeishiwa Nguvu: Somo la Namba ya Urafiki Iliyofichwa Kwenye Pokémon

Siku ya Idi, baada ya chakula cha mchana, nilipigwa vibaya na mtoto wa mjomba wangu ukumbini kwetu Malindi, mbele ya nusu ya ukoo. Si kwa ngumi. Ni kwenye gemu, Pokémon Emerald, ile ya zamani inayochezwa kwenye Game Boy Advance. Mjomba alituletea mashine mbili kutoka Maskati tukiwa wadogo, moja yangu na moja ya mdogo wangu wa kiume, pamoja na waya wa kuziunganisha. Mwanawe ana yake. Mpaka leo nimo chuoni na bado tunacheza, na sioni haya kusema.

Aliyeniuma zaidi si yule mshindi. Ni ndege niliyemtegemea. Jina lake Mbayuwayu, ni wa aina ya Swellow, levo ya 50. Alikuwa wa mdogo wangu. Januari, siku mbili kabla hajapanda boti kwenda kusoma Pemba, kwenye dahalia ambako mashine za gemu haziruhusiwi, alinipa huyo ndege kwa kubadilishana kupitia waya. Akaniambia, "Dada, huyu usimweke boksini. Na Idi umpige naye yule mpaka anyamaze."

Mikononi mwa mdogo wangu, Mbayuwayu alikuwa akipiga mara moja au mbili, mnyama wa mpinzani chali. Mikononi mwangu alipiga mara nne na mnyama wa binamu bado amesimama, kama anayepepewa. Ndege ni yuleyule, levo ileile, shambulio lilelile.

Jioni nikampigia mdogo wangu kwa simu ya shangazi, Wete. Sikuzunguka. "Ndege wako bure. Ulikuwa unajisifu tu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja, "Ulikuwa unatembea naye?" Nikacheka. Nikakata simu.

Makala hii naiandika kwa ajili ya kile kicheko. Lile swali lilikuwa sahihi, na sahihi kwa maana ya hesabu. Hebu tulifuate, maana ndani yake mna somo zuri kwa wanaosoma takwimu, kwa wanaosoma kompyuta, na hata kwa asiyewahi kushika gemu maishani mwake.

Michezo ya wazi na michezo ya siri

Tuanze na mchezo tunaoujua wote. Bao la Kiswahili halina siri. Nenda kwenye baraza yoyote ya Mji Mkongwe wanapocheza wazee, utaona kila kitu kiko mezani: mashimo 32, kete 64. Hata zile kete 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo nje ya ubao kwa ajili ya namua, idadi yake inajulikana na wote. Ukifungwa bao umefungwa ukiona kwa macho yako. Karata zina siri, ila siri yenyewe imo mkononi mwa mtu, na mchezo ukiisha inafunuliwa.

Gemu za kukusanya wanyama wa kubuni ni jambo jingine. Pokémon ilitoka Japani mwaka 1996, kazi ya Satoshi Tajiri na kampuni ya Game Freak. Tajiri alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu, na gemu yake ni hivyo hivyo: unakamata wanyama, unawalea, unawapambanisha, unabadilishana na wenzako kwa waya. Kila mnyama ana ukurasa wake wa sifa. Unaona levo, uhai, mashambulizi, ulinzi, kasi. Mtu ukiona namba nyingi hivyo, unadhani umeona zote.

Hujaona zote. Nyuma ya ukurasa ule mna namba nyingine ambazo gemu inazitunza na haikuonyeshi, kabisa, tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho. Moja ya hizo inaitwa urafiki. Ilianza mwaka 1998 kwa mnyama mmoja tu, Pikachu, kwenye toleo la Yellow. Mwaka 1999, matoleo ya Gold na Silver yalipotoka Japani, kila mnyama akapewa yake. Na hapo hapo yakaingia mashambulio mawili yanayokula kwenye namba hiyo: Return na Frustration. La kwanza ni la mnyama anayelipa fadhila. La pili ni la mnyama anayetoa kinyongo chake.

Mbayuwayu alikuwa anatumia Return. Na ukifungua maelezo ya Return kwenye Emerald, pale pa kuandikwa nguvu ya shambulio pana vistari tu. Mie siku zote nilidhani vile vistari maana yake ni "haina maana". Kumbe maana yake ni "hatukwambii".

Hesabu yenyewe

Urafiki unatunzwa kwenye baiti moja. Baiti ni biti 8, na biti 8 zinaweza kubeba thamani 256, kuanzia 0 hadi 255. Ndiyo maana urafiki wa juu kabisa si 100 wala 200, ni 255. Si falsafa, ni ukubwa wa chombo, kama kibaba kisivyopokea zaidi ya ujazo wake.

Nguvu ya Return inapatikana hivi: chukua urafiki, zidisha kwa 10, gawa kwa 25, tupa desimali. Basi. Urafiki ukiwa 255 unapata 102. Ukiwa 150 unapata 60. Ukiwa 70 unapata 28. Nguvu ya Frustration ni kinyume chake: unatoa urafiki kutoka 255 kwanza, kinachobaki ndicho unachozidisha na kugawa. Asiyekupenda hata chembe anakupa 102. Anayekupenda kabisa karibu hakupi kitu.

Sasa nguvu hii inaingia kwenye hesabu kubwa ya madhara, ambayo kwa matoleo ya wakati wa Emerald inakwenda kwa hatua hizi:

1. Levo zidisha kwa 2, gawa kwa 5, jumlisha 2. Kwa levo ya 50 unapata 22.
2. Zidisha kwa nguvu ya shambulio, zidisha kwa mashambulizi ya anayepiga, gawa kwa ulinzi wa anayepigwa.
3. Gawa kwa 50, jumlisha 2.
4. Kama shambulio ni la aina moja na mnyama mwenyewe, zidisha kwa 1.5. Return ni shambulio la kawaida, na Swellow ni wa kawaida na pia wa angani, kwa hiyo anaipata nyongeza hii.
5. Mwisho, gemu inachagua kwa bahati namba kati ya 85 na 100, na madhara yanachukuliwa kwa asilimia hiyo.

Kila unapogawa, desimali hutupwa. Usiipuuze sentensi hiyo, tutaikuta tena mbele.

Tuweke namba. Mbayuwayu ana mashambulizi 100. Tuseme anayepigwa ana ulinzi 100, ili viwili hivi vikatane. Urafiki ukiwa 255: 22 mara 102 ni 2244, gawa kwa 50 ni 44, jumlisha 2 ni 46, mara 1.5 ni 69. Ukiingiza bahati, kila pigo litaondoa uhai kati ya 58 na 69.

Urafiki ukiwa 70: 22 mara 28 ni 616, gawa kwa 50 ni 12, jumlisha 2 ni 14, mara 1.5 ni 21. Kila pigo litaondoa kati ya 17 na 21.

Pigo baya kabisa la ndege wa kwanza ni zaidi ya mara mbili na nusu ya pigo zuri kabisa la ndege wa pili. Na kurasa zao za sifa zinafanana namba kwa namba. Ukiwaweka pamoja mbele ya mtu, hatoweza kuwatofautisha.

Inapandaje, inashukaje

Wapenzi wa Emerald wameifumua programu yake na kuiandika upya mstari kwa mstari kwa lugha ya C, kwa hiyo haya ninayoyataja si uvumi wa vijiweni. Anayesoma programu anaweza kuyahakiki mwenyewe.

Gemu inagawa urafiki kwenye ngazi tatu: chini ya 100, kuanzia 100 hadi 199, na 200 kwenda juu. Mnyama akipanda levo, urafiki unaongezeka 5, au 3, au 2, kufuatana na ngazi aliyopo. Ukimfundisha shambulio kwa mashine ya mafunzo anapata 1, isipokuwa akishafika ngazi ya juu, hapo hapati kitu. Maana yake mwanzo ni rahisi kumfurahisha. Mkishazoeana, mambo madogo hayamshtui tena.

Kutembea kuna hesabu yake. Kila hatua 128 gemu inarusha sarafu kwa kila mnyama aliyemo kwenye timu yako. Ikiangukia upande mzuri, mnyama huyo anapata 1. Ikiangukia upande mbaya, hakuna. Kwa wastani basi ni hatua 256 kwa kila alama moja. Aliyeko boksini hatembei, kwa hiyo hapati.

Kushuka nako kupo. Akizimia vitani anapoteza 1. Akizimia mbele ya adui aliyemzidi levo 30 au zaidi, anapoteza 5, na kama alikuwa ameshafika 200 anapoteza 10. Kuna pia dawa chungu za miti shamba zinazouzwa mji wa Lavaridge. Zinatibu vizuri na bei yake ni nafuu, ila kila ukimnywesha urafiki unashuka, na ile inayofufua aliyezimia inashusha 15, au 20 kwa aliye ngazi ya juu. Mdogo wangu hakuwahi kununua hata moja. Mie nilikuwa nazinunua kwa wingi, maana ni rahisi.

Mapambo mawili nayataja kwa sababu yana somo. Kuna kengele ambayo mnyama akiibeba, nyongeza zake za urafiki huzidishwa mara moja na nusu. Wachezaji wengi huifunga kengele hiyo kisha wakaanza kutembea, kwenda na kurudi. Sasa kumbuka desimali hutupwa. Nyongeza ya kutembea ni 1. Mara 1.5 ni 1.5. Tupa desimali: 1. Kwa kutembea, kengele ile haiongezi kitu chochote. Inafaa wakati wa kupanda levo tu, ambapo 5 inakuwa 7, 3 inakuwa 4, na 2 inakuwa 3. Wanafunzi wa programu, hilo ndilo kosa la kugawa namba nzima ambalo hutukata alama kwenye mitihani, liko ndani ya gemu iliyouzwa dunia nzima.

La pili: kila nyongeza inapotokea, gemu inaangalia mahali mlipo. Kama ndipo mahali mnyama yule alipokamatwa, anapewa 1 zaidi. Hilo liweke akilini.

Jaribio letu la Juni

Mdogo wangu aliporudi likizo mwezi wa Juni, nilikuwa nimeshasoma nusu ya haya, na nilikuwa na dhana. Lakini dhana si jibu. Kozi yetu ya takwimu muhula ule ilikuwa imefika kwenye kukadiria kitu usichokiona kwa kutumia unachokiona, nikaona bora nijaribu kwa kitu ninachokijua.

Kwenye gemu huoni namba ya uhai wa adui, unaona mstari tu. Lakini ukipambana na mtu kwa waya, mwenzako anaiona namba ya mnyama wake kwenye kioo chake. Kwa hiyo tulikaa sakafuni, mie nikapiga, yeye akasoma. Alichagua mnyama wake mwenye ulinzi 100, wa aina isiyoathiri shambulio la kawaida kwa kuongeza wala kupunguza. Return ina matumizi 20 tu kabla ya kuijaza tena, kwa hiyo tulipata mapigo 20. Mnyama wake akikaribia kuzimia tunasimama, anamponya, tunaendelea na mapigo yaliyobaki. Mapigo ya bahati, yale yanayopiga mara mbili, tuliyatoa tukarudia, maana yangeharibu hesabu.

Matokeo: pigo la chini 17, pigo la juu 21. Hakuna lililozidi 21.

Sasa tulihesabu kinyumenyume. Kitu cha kutazama hapa si wastani, ni kiwango cha juu, kwa sababu bahati ya gemu inaweza tu kupunguza, haiongezi zaidi ya asilimia 100. Bahati ina thamani 16, kuanzia 85 hadi 100, na kwa hesabu yetu kiwango cha juu kabisa kinatokea kwa thamani moja tu kati ya hizo. Uwezekano wa kukiona angalau mara moja katika mapigo 20 ni kama asilimia 72. Si yakini, ila si haba. Na chini yake tulikuwa na 17, ambayo ndiyo chini hasa ya 21, kwa hiyo ncha zote mbili zinakubaliana.

Kama juu ni 21, basi kabla ya nyongeza ya 1.5 ilikuwa 14. Kabla ya kujumlisha 2 ilikuwa 12. Nguvu ya shambulio inayotoa 12 ni 28 au 29. Na urafiki unaotoa nguvu ya 28 au 29 ni kuanzia 70 hadi 74. Namba iliyofichwa miaka yote, tumeibana kwenye nafasi tano kwa peni na karatasi.

Kisha ndipo mdogo wangu akanikumbusha kuwa kuna njia ya mkato. Katika mji wa Verdanturf yumo mama mmoja ndani ya nyumba yake. Ukimwendea anamtazama mnyama wako wa kwanza, anakwambia kwa maneno jinsi anavyokupenda. Ana kauli saba: moja ya 0, moja ya 255, na tano za katikati. Tukaenda. Akatupa kauli ya wale wa kati ya 50 na 99. Inakubaliana na yetu, ila kibaba chake ni kikubwa: yeye anakupa nafasi 50, sisi tulipata tano. Yeye lakini hakuhitaji mapigo 20. Kila kipimo kina gharama yake na upana wake.

Kwa nini 70

Ndiyo swali lililonikosesha usingizi. Ndege huyu alikuwa 255, au karibu sana. Mdogo wangu aliwahi kumpeleka kwa yule mama wa Verdanturf kabla hajaondoka, akapewa kauli ya mwisho kabisa. Mie sikumpiga, sikumnywesha dawa chungu, alizimia mara moja tu, siku ile ya Idi. Vipi kutoka 255 afike 70?

Jibu ni mstari mmoja wa programu. Kwenye Emerald, mnyama akibadilishwa kutoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwingine, gemu inahamisha kila kitu, levo, mashambulizi, ulinzi, kasi, jina, mashambulio yote aliyojifunza, kisha inaandika urafiki: 70. Haiangalii ulikuwa ngapi. Haiangalii nani anampa nani. Dakika ileile Januari, waya ukiwa bado umechomekwa, yale yote aliyoyajenga mdogo wangu kwa hatua zake yalishafutwa. Na tangu hapo mie nilimweka boksini mpaka Idi asubuhi, jambo ambalo ndilo hasa aliloniomba nisilifanye. Hatua chache nilizotembea naye baadaye nikimpeleka huku na huko huenda zilimpandisha kidogo tu.

Kwa hiyo nilipomwambia "ndege wako bure", nilikuwa nimekosea pande mbili. Hakuwa bure, na wakati ule hakuwa wake tena. Ile nguvu niliyoiona kwake haikuwa mali ya ndege peke yake. Ilikuwa namba kati ya wawili, na mmoja wao alikuwa amebaki Wete.

Nikamwambia mdogo wangu, basi chukua, nakurudishia. Nilidhani nimepata njia ya kumaliza deni. Akatikisa kichwa. "Ukinirudishia atakuwa 70 tena, dada. Gemu haikumbuki kama alikuwa wangu."

Nilimwomba radhi hapo hapo, tumekaa sakafuni, waya katikati.

Kinyongo nacho kina nguvu?

Msomaji mwerevu atasema: kama Frustration nayo inafika 102, ya nini kuhangaika? Mchukie mnyama wako upate nguvu ileile. Nami niliwaza hivyo.

Kwa karatasi ni sawa kabisa, 102 kwa 102. Lakini angalia njia zinavyokwenda. Karibu kila kitu unachokifanya katika mchezo wa kawaida kinapandisha urafiki: kutembea, kupanda levo, kujifunza. Anayetaka Return anacheza tu, na namba inamfuata. Anayetaka Frustration ibaki juu inabidi afanye kazi ya kuharibu kila siku: amnyweshe dawa chungu, amzimishe, kisha amrudishe boksini haraka kabla hatua hazijajumlika. Akipanda levo moja tu kutoka sifuri, tayari kapata 5. Kinyongo kinataka kulishwa, na hata kikishiba hakizidi wema hata kwa alama moja.

Na kwenye mji wa Pacifidlog, ule unaoelea juu ya bahari, yupo bwana anayetazama mnyama wako wa kwanza: akimwona ana urafiki mwingi anakupa mashine ya kufundishia Return, akimwona ana uchache anakupa ya Frustration. Kila mmoja anapewa zana ya hali aliyonayo.

Mashambulio haya mawili hayamo tena kwenye matoleo ya Sword na Shield ya mwaka 2019 na kuendelea. Urafiki wenyewe umebaki, kwa kazi nyingine.

Tunachoweza kuchukua

La kwanza ni la darasani. Kitu kisichoandikwa hakimaanishi hakipo. Vitu viwili vikifanana kwenye kila kipimo ulichonacho na bado vikitoa matokeo tofauti, usikimbilie kusema kimoja kibovu. Tafuta kipimo usichonacho.

La pili liko mfukoni mwako sasa hivi. Huduma za kukopa kwa simu zinakupa kiwango cha mkopo, na kiwango hicho kinatokana na jinsi unavyotumia laini, unavyoweka akiba na unavyolipa. Hesabu yenyewe huioni, unaona matokeo tu. Mwenzako wa chumba kimoja anapewa zaidi yako na hujui kwa nini. Ni vistari vilevile vya Return.

La tatu nililipata kwa mdogo wangu, na halina fomula. Ile namba haipimi nia. Mie nilimpenda Mbayuwayu, wallahi, hasa kwa sababu ni wa mdogo wangu. Lakini gemu haina pa kuandika hivyo. Inahesabu hatua, inahesabu mara ngapi umemwacha azimie, inahesabu kama alikuwa timuni au boksini. Na nikijitazama mwenyewe, tangu Januari mpaka Idi nilimpigia simu mdogo wangu mara ngapi? Mara moja ya kumpa mkono wa Ramadhani, na mara ile ya kumwambia ndege wake bure.

Sasa ile nyongeza ya mahali. Urafiki ulifutwa, lakini kumbukumbu ya pale alipokamatwa haikufutwa. Iko kwenye kumbukumbu zake mpaka leo: Njia ya 104, ile yenye ufukwe, alikomkamata mdogo wangu akiwa kindege kidogo aina ya Taillow. Kutoka 70 mpaka 255 ni alama 185. Nikitembea mahali popote, ni wastani wa hatua 47,360. Nikitembea naye Njia ya 104, kila sarafu nzuri inatoa 2, na wastani unashuka hadi hatua 23,808.

Kwa hiyo ukinikuta kwenye daladala ya Tunguu, nimeinama, dole gumba linakwenda kushoto na kulia, ujue niko kwenye mchanga wa Njia ya 104. Mama wa Verdanturf ameshabadilisha kauli mara mbili tangu Juni; sasa tumo kwenye 150 hadi 199. Mdogo wangu anarudi Disemba, na tumekubaliana kurudia mapigo yetu 20 kwa mnyama yuleyule mwenye ulinzi 100. Namba tunayoisubiri ni 69.

Na kila Ijumaa, baada ya sala, napiga simu Wete. Huwa ananiuliza kwanza habari za ndege, kisha ndipo anauliza habari zangu.